Likizo Tanga kwa shangazi: miti ya kisiwa cha Maziwe ilikwenda wapi?

#1 Binti wa Ngamiani

Wakuu, habari za mapumziko.

Niko Tanga na wanangu, tumefikia kwa shangazi Ngamiani. Likizo hii sikutaka mbio. Nilitaka watoto wawajue ndugu zao na waizoee bahari, basi. Alfajiri shangazi anawahi soko la samaki la Deep Sea kuchagua pweza na changu, sisi tunamalizia usingizi. Mchana ni jamvi, feni na hadithi. Jioni tunateremka Raskazone na mabinamu kwa baiskeli, tukirudi tunapitia kahawa chungu na kashata. Nimekaa Dodoma muda mrefu hadi nilisahau kwamba mtu anaweza kumaliza siku nzima bila kutazama saa.

Juzi mjomba alituchukua Pangani. Tukavuka na kivuko hadi Bweni, tukalala kwa jamaa zake Ushongo, asubuhi tukapanda mashua kwenda Maziwe. Ambao hamjafika: ni fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, maji ya kijani pande zote, matumbawe na samaki wa kila rangi chini yake. Uzuri wake siwezi kuueleza. Lakini hakuna hata jani. Nahodha alisimika makasia mchangani akatandaza tanga la mashua juu yake, na hicho ndicho kivuli pekee kilichopatikana kisiwani.

Babu mdogo tuliyekuwa naye akasema ujana wake alikuwa akilala pale chini ya mivinje. Miti mirefu, kivuli tele. Watoto hawakuamini.

Tangu siku hiyo nyumbani ni mabishano kila tukila. Mjomba anasema wavuvi walikata miti. Shangazi anasema bahari imepanda. Kijana wa mjomba anasema ni Bwawa la Nyumba ya Mungu, limezuia mchanga wa Mto Pangani. Wenye kumbukumbu au elimu ya jambo hili, nani yuko sahihi?

#2 Waja Leo

Dodoma wakusahau. Ukishaanza pweza wa Deep Sea na kahawa ya jioni, barua ya kuomba kuongezewa likizo inajiandika yenyewe.

#3 Mvuvi wa Kigombe

Mjomba wako kasema kweli. Maziwe tulikuwa tunapiga dago. Mnakaa siku kadhaa, mnavua, mnakausha na kupika samaki hapo hapo. Kuni zilitoka wapi? Hapakuwa na duka la mkaa baharini. Kila dago likija linaangusha mvinje, na anayefuata naye anaangusha wake. Boriti za kuanikia samaki, mti wa kurekebisha ngalawa, vyote pale pale.

Mvinje mizizi yake ndiyo inayofunga mchanga. Ukiuondoa, kusi likivuma miezi ile ya katikati ya mwaka mawimbi yanachota yanavyotaka. Sisi tuliona kwa macho.

#4 Mwalimu Jiografia

Mvuvi, nakuheshimu, ila mti mmoja mmoja wa kuni hauwezi kumaliza kisiwa. Maziwe haikukaa juu ya mwamba wa kudumu kama Toten pale bandarini Tanga. Ni rundo la mchanga lililokaa juu ya mwamba wa matumbawe, na rundo la namna hiyo halitulii. Kusi linausukuma mchanga upande huu, kaskazi likija linaurudisha. Kisiwa kinahama kidogo kidogo huku miti imesimama pale pale. Siku ukingo ukifika kwenye mizizi, mti unaanguka hata kama hakuna aliyeshika shoka.

Mafungu ya mchanga huzaliwa na kufa. Binadamu tunapenda kutafuta mkosaji.

#5 Kijana wa Chuda

Mbona mnazunguka wakuu. Hiyo ni El Niño ya 1997 na 1998. Mvua zile na bahari iliyochafuka ziliondoa kila kitu.

#6 Dada wa Mkwaja

@Kijana wa Chuda, hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Maziwe tayari haikuwa na mti. Serikali ilipoitangaza kuwa eneo tengefu mwaka 1975, mwaka ule ule na Mbudya na Bongoyo za Dar es Salaam, kisiwa bado kilikuwa na uoto na kilisifika kwa kasa kupanda kutaga. Haikupita hata miaka kumi uoto ukawa umekwisha. El Niño ya 1998 ilipausha matumbawe, hilo ni kweli, maana maji yalipata joto kupita kiasi. Ila miti ilikuwa imeshaondoka zamani.

Hilo ndilo linaloniumiza mimi. Ulinzi ulikuja kwenye karatasi, kisiwa kikaendelea kuliwa.

#7 Kijana wa Chuda

Sawa dada, miti ilitangulia. Lakini matumbawe yakifa mawimbi yanapita bila kizuizi, kwa hiyo El Niño haikosi lawama ya hali ya sasa.

#8 Mkwezi wa Mwera

Mimi niko na huyo kijana wa mjomba. Mto Pangani si ule wa zamani. Nyumba ya Mungu limejengwa miaka ya 1960, na huko juu kuna mashamba yanayonywa maji kabla hayajatufikia. Maji ya mto yakipungua, bahari inapanda mtoni. Huku kwetu minazi iliyo karibu na mto inakatika vichwa kwa chumvi, nimeikwea tangu mdogo naijua mmoja mmoja. Shamba la marehemu baba lililokuwa linatupa madafu mwaka mzima, sasa upande wa mtoni yamebaki magogo yamesimama bila makuti.

Kama mto umedhoofika kiasi cha kuua minazi, mchanga uliokuwa unausukuma baharini umekwenda wapi? Umelala bwawani. Miaka ya kujengwa bwawa na miaka ya kufa Maziwe imefuatana. Hesabu hiyo nyie mnaionaje?

#9 Mwalimu Jiografia

Mkwezi, habari ya chumvi kupanda mtoni ni ya kweli na inahitaji uzi wake. Ila fanya jambo moja. Chota mchanga wa mdomo wa mto Pangani kwa mkono mmoja na wa Maziwe kwa mkono mwingine. Wa mto ni wa kahawia, una chembe za miamba ya bara. Wa Maziwe ni mweupe, na ukiutazama kwa karibu utaona ni vipande vya matumbawe na magamba yaliyosagika. Huo haukutoka Kilimanjaro wala Pare. Umetengenezwa hapo hapo baharini.

Bwawa haliwezi kuzuia mchanga ambao haukuwa unapita kwenye mto.

#10 Mkwezi wa Mwera

Hujanijibu. Mto ukibadilika na mikondo ya mdomoni inabadilika, na mkondo ndio unaochonga fungu hata kama mchanga ni wa matumbawe.

#11 Mgosi wa Lushoto

Wakati mnapima mchanga, mimi nina swali kwa mleta uzi. Mko wangapi hapo kwa shangazi, na mnakula nini muda wote huo? Mimi nikienda pwani nalala nyumba ya wageni, nawatembelea ndugu jioni na kilo za sukari. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi Wasambaa tukipewa jembe tunalima kweli, watu wa pwani wanataka niopoe samaki.

#12 Binti wa Ngamiani

@Mgosi, kwa shangazi yangu kulala nyumba ya wageni ni tusi. Angeniuliza amenikosea nini. Tunachofanya ni kushirikiana: nimekuja na gunia la mchele, zabibu za Dodoma na mafuta, zamu ya kupika mchana ni yangu, watoto wanafagia uwanja na kuosha vyombo. Binti yangu amejifunza kukuna nazi kwa mbuzi, na mkate wa kumimina anaugeuza mwenyewe sasa. Hoteli ingempa nini zaidi ya hicho?

@Mwalimu na @Mvuvi, asanteni. Leo mchana nimewasomea majibu yenu. Mjomba kacheka, shangazi kanuna.

#13 Mama Wawili Mbagala

Binti, umebahatika. Mwaka jana tulifikia kwa shemeji pwani ya kusini, sisi na familia nyingine ya ndugu, chumba kimoja, choo kimoja. Watoto walifurahi mno, watu wazima tulirudi tumechoka kuliko tulivyokwenda. Wifi hakukaa chini hata dakika. Nawashauri wanaopanga: ulizeni kwanza nani mwingine anakuja, na mwenye nyumba naye aachiwe siku yake ya kwenda ufukweni bila kupika. Mwenyeji naye yuko likizo.

#14 Waja Leo

#13 apigiwe makofi. Shangazi wa Ngamiani naye apandishwe mashua.

#15 Nahodha wa Bamvua

Kabla hamjampandisha shangazi, someni maji. Naona watu wanapanga Maziwe kwa kutazama kalenda ya ofisini.

Fungu lile linaonekana maji yakipwa. Maji yakijaa siku za bamvua linafunikwa, unabaki na bahari tupu. Pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua inapita mita 3, si mchezo. Bamvua ni siku zinazofuata mwezi mpevu na mwezi kuandama. Siku hizo maji hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kiasi cha saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo bamvua ndiyo siku njema ya familia: unatoka Ushongo asubuhi maji yakitoka, unafika fungu likiwa pana, unaondoka kabla halijaanza kuliwa. Siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua na bamvua, saa zinageuka, wenye watoto mtahangaika.

Maji ya kunywa bebeni mengi, mwavuli au turubai, nguo za mikono mirefu, viatu vya kukanyagia maana kuna wanyama wa bahari wenye miiba. Na lipieni kiingilio cha eneo tengefu, mdai risiti.

Mtoto avae jaketi la kuokolea toka pwani hadi pwani. Nahodha akikwambia hakuna haja, tafuta nahodha mwingine.

#16 Dada wa Mkwaja

Nahodha umesaidia wengi. Niongezee: kwa sababu fungu linafunikwa, kasa akitaga pale mayai yanaoza kwa maji ya chumvi. Ndiyo maana viota vinavyoonekana Maziwe huhamishwa na kufukiwa ufukweni Ushongo, walinzi wanavitazama mpaka vitoto vitoke. Ukiwa Ushongo uliza wenyeji kama kuna kiota kilichokaribia. Watoto wakiona vitoto vya kasa vinakimbilia majini hawatasahau. Tochi na simu zenye mwanga zizimwe, mwanga unawapoteza.

#17 Baharia wa Sahare

Wote mmesahau uvuvi wa baruti. Tanga tulisikia milipuko miaka mingi, asubuhi unakunywa chai unasikia *buuu* kutoka baharini, madirisha yanatikisika. Mwamba wa matumbawe ndio ukuta wa kisiwa. Ukiuvunja, wimbi lililokuwa linapasukia nje linapasukia mchangani. Siku hizi milipuko imepungua sana, namshukuru Mungu, lakini mwamba hauoti kwa msimu mmoja.

#18 Mvuvi wa Kigombe

Baruti ilikuwepo, sikatai. Ila Maziwe shoka lilitangulia.

#19 Popo wa Amboni

Mleta uzi, watoto uwapeleke Amboni pia, kilomita kama 8 tu kutoka mjini, barabara ya Horohoro. Mle ndani kuna njia inayotokea Mombasa na nyingine Kilimanjaro. Aliingizwa mbwa akatokea Moshi.

#20 Mwalimu Jiografia

Hapo hapana. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango ya Amboni, wakahesabu 10, na refu kuliko yote halikufika kilomita 1. Ni miamba ya chokaa ya enzi ya Jurasi, imechimbwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Uzuri wake hauhitaji mbwa.

#21 Popo wa Amboni

Walipima palipopitika, Mwalimu. Kuna matundu mtu haingii, popo anaingia. Walioishi na mapango yale wanaweka sadaka mzimuni mpaka leo, unawaambia nini? Na Osale Otango alivyokuwa anasakwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950, waongozaji watakuonyesha alipojificha. Angejificha kwenye tundu lisilo na pa kutokea?

#22 Mgosi wa Lushoto

Popo kwa popo wanaelewana. Tuendelee na Maziwe.

#23 Binti wa Ngamiani

Amboni tumekwenda jana. Taa ya mwongozaji ilipozimwa makusudi tuone giza, mwanangu mdogo alinishika shingo nikakosa pumzi. Mlango wa pango una ubaridi wa ajabu ukitoka juani. Kwenye mzimu tulikuta chupa za marashi na vitambaa, tukapita kwa heshima.

Leo tulikuwa Tongoni, kilomita kama 20 kusini ya mji. Makaburi ya nguzo, msikiti wa kale, mibuyu, na bahari kwa mbali kupitia mikoko. Tulikuwa peke yetu. Shangazi alisoma fatiha, watoto wakakaa kimya bila kuambiwa. Swali limezidi sasa: kama bahari imepanda kama anavyosema shangazi, mbona Tongoni, mji wa karne ya 14 na 15, haujaliwa?

#24 Dada wa Mkwaja

Tongoni ipo bara na mbele yake kuna mikoko inayovunja wimbi. Maziwe ipo uchi katikati ya maji. Usizilinganishe. Mahali mchanga umekaa chini namna ile, hata bahari ikipanda kidogo sana inatosha kuua miti kwa chumvi. Shangazi ana hoja.

Na kwa watoto: mafungu ya eneo hilo hilo la Mtang'ata ndipo Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael Januari 1499 akirudi kutoka India. Mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi kwa maradhi, wa kuendesha meli zote hawakutosha.

#25 Kijana wa Chuda

Na silikanti msimsahau. Samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka zamani za kale hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu ananaswa kwenye majarife, ndiyo maana tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009. Watoto watapenda kujua anaishi kwenye maji yale yale wanayoogelea wajomba zao. Chini sana lakini.

#26 Mtafuta Kina

Hoja ambayo haijasemwa: huenda si maji yaliyopanda, ni sakafu iliyoshuka. Pwani hii ina nyufa za ardhi. Kipande kikididimia hata kidogo, kisiwa cha mchanga kinaondoka na Tongoni inabaki.

#27 Baharia wa Sahare

Kingedidimia Maziwe tu, Ushongo ikabaki palepale? Karibu hivyo?

#28 Mtafuta Kina

Mkuu, ufa ukipita kati ya hapa na pale, upande mmoja unashuka na mwingine hauhisi.

#29 Mkwezi wa Mwera

Sasa tunalaumu ardhi, bwawa lipo linaonekana.

#30 Binti wa Ngamiani

Nimekaa na babu mdogo barazani jioni hii nikamuuliza polepole bila ya wengine kuingilia. Anasema hivi. Mivinje ya upande wa kusi ndiyo iliyoanza kuanguka, na iliangukia majini ikiwa mibichi, majani yake yote. Mizizi ilikuwa inaning'inia hewani, mchanga umechotwa chini yake, urefu wa kiuno cha mtu mzima. Wavuvi waliikata ilipokuwa imeshalala. Anakumbuka walivyofurahi siku hiyo kwa sababu kuni zilipatikana bila jasho.

Kwa hiyo kwa babu, bahari ilitangulia, shoka likafuata. Shangazi kaamka kitini aliposikia.

Keshokutwa tunarudi Ushongo, shangazi ndani ya mashua safari hii, mimi na mjomba ndio tunaopika. @Nahodha wa Bamvua, mwezi umeandama juzi, nimepiga hesabu yako: tutoke saa mbili asubuhi?

#31 Nahodha wa Bamvua

Saa mbili na nusu yatosha, kama kaskazi halijashika. Likishika tangulieni, maana kurudi mtapigwa na wimbi la ubavu. Shangazi akae karibu na mlingoti, si omoni kule mbele.

#32 Mvuvi wa Kigombe

Babu mdogo namwamini, na mimi niliiona mivinje mibichi imelala majini. Lakini miti ya mbele, ile iliyokuwa inalipokea wimbi la kwanza, haikuwepo tena wakati huo, tulikuwa tumeshaikata kuni madago mengi nyuma. Iliyoanguka ni ya mstari wa pili iliyobaki bila ngao. Muulize: mbele ya hiyo mibichi iliyoanguka, mchangani, hapakuwa na visiki?